MASHAURI KWA NYUMBA ZETU: Nywele za Bandia Katika Uwanja wa Michezo



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya usafi wa mifereji yetu. Mwezi huu nataka kuwaeleza jambo ambalo labda wengine watalidharau, wakisema, Mwalimu amekosa la kuandika. Nataka kusema juu ya nywele za bandia, ambazo siku hizi watu wote huziita wigi, na jinsi mtu azivaaye awezavyo kukimbia, kucheza, na kupanda mlima pasipo hofu. Nawasihi msigeuze ukurasa. Naandika haya kwa sababu nalimkosea mtu, na kosa langu lilitendeka mbele ya watu wengi. Basi na ungamo lake yafaa liwe mbele ya watu wengi.

Miaka michache iliyopita kulikuwa na siku ya michezo ya kwaya, katika uwanja wa shule moja upande wa Vunjo. Mimi nalishika filimbi katika mpira wa pete. Upande mmoja alikuwako binti wa miaka ishirini na sita, mfungaji hodari, mrefu, mwenye mkono usiokosa. Alikuwa amevaa wigi ndefu yenye kufika mabegani. Mpira ukarushwa juu, yeye akaruka, na mwenzake akaruka; mkono wa mwenzake ukanasa katika zile nywele, na wigi ikaanguka majanini. Tukaona kichwa chake. Palikuwa na mabaka laini yasiyo na unywele hata mmoja, na kati ya mabaka vishungi vichache. Vijana waliosimama kando ya uwanja wakacheka.

Mimi nalikuwa na filimbi. Nalipaswa kuipuliza, kuusimamisha mchezo, na kuwafukuza wale vijana. Badala yake nikapenda kuonekana mcheshi, nikasema kwa sauti kuu, "Leo mipira ni miwili, tucheze upi?" Watu wakacheka mara ya pili, na safari hii walicheka kwa ruhusa yangu. Binti akaokota wigi yake, hakuivaa, akaishika mkononi, akapita katikati ya mibuni akaenda kwao. Kwa muda wa miezi saba hakuja tena mazoezini, wala kwenye mpira wala kwenye kwaya. Nami nikasema moyoni, Hasira za vijana huisha.

Ndipo dada yangu mkubwa alipougua saratani ya ziwa. Tunashukuru kwamba KCMC, hospitali yetu kubwa hapa Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, ina kituo cha saratani tangu mwaka 2016. Zamani wagonjwa wengi walipaswa kusafiri hata hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Akaanza kutiwa dawa ya mishipani. Yapata juma la tatu nywele zake zikaanza kutoka, zikajaa juu ya mto kila asubuhi. Daktari alikuwa ametuonya mapema. Alieleza ya kuwa dawa hizo huwinda chembe za mwili zinazoongezeka upesi, maana ndiyo tabia ya saratani. Walakini mizizi ya nywele nayo hukua upesi, kwa hiyo hupigwa pamoja na adui. Tena alisema si dawa zote za saratani ziondoazo nywele, na ya kuwa kwa watu walio wengi nywele huanza kuonekana tena miezi michache baada ya dawa kwisha.

Dada yangu alikuwa mtu wa miguu. Kila alfajiri alizoea kutembea kwa kasi kando ya mfereji, mwendo wa saa moja, kabla ya kukata majani ya ng'ombe. Tangu nywele zilipotoka hakutoka tena nje ya kihamba. Nikamwambia, "Dada, daktari amekuruhusu kutembea." Akanijibu, "Daktari ameruhusu miguu. Kichwa nitakiweka wapi?" Kisha akanituma mjini nikamtafutie wigi.

Basi nikasimama katika duka moja karibu na soko la Moshi, mtu mzima, mwenye kanzu ya heshima, nimeshika wigi mkononi, na mwenye duka akaniuliza kwa upole, "Ni ya mama nyumbani, au ya binti?" Hapo nikayaona yale majani ya uwanja, na ile wigi imelala juu yake, nikasikia sauti yangu mwenyewe. Sikuweza kumjibu kwa kitambo.

Jumamosi iliyofuata nalikwenda mimi na mke wangu kwa wazazi wa yule binti, nimechukua jani la sale. Wageni wasomao gazeti hili na wajue ya kuwa kwetu Wachaga mwenye kosa huenda na sale kuomba msamaha, na ni vigumu sana kwa aliyekosewa kulikataa. Binti akatoka, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akalipokea jani. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Wale vijana naliwasamehe jioni ile ile, maana ni watoto. Lakini wewe, Mwalimu, ulikuwa na filimbi."

Enyi waalimu wenzangu, na ninyi wazee wa nyumba, neno hilo ni letu sote. Kila mmoja wetu ana filimbi yake. Watoto hututazama sisi kwanza, ndipo wajue kama jambo fulani ni la kuchekwa au si la kuchekwa.

Binti yule ndiye aliyemfundisha dada yangu, na mengi niyaandikayo hapa chini yametoka kwake, na mengine kwa waganga. Kwanza tuzijue sababu za mtu kupotewa na nywele, maana asiyejua sababu huwa mwepesi wa kucheka.

Ugonjwa wa yule binti ni ule ambao kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, hukosea njia ikaishambulia mizizi ya nywele. Hutoka kwa mabaka ya mviringo, pengine kichwa chote, pengine hata nyusi na kope. Hauambukizi hata kidogo. Wala si laana, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Katika kila watu mia, yapata wawili huupata wakati fulani wa maisha yao. Pengine nywele hurudi zenyewe, pengine hurudi kisha zikatoka tena.

Mapunye ni jambo jingine. Hayo hutokana na kuvu, huwapata hasa watoto, na huambukiza kwa vitana, kofia na mito ya kulalia. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi; yapasa mtoto apewe vidonge vya kumeza kwa majuma kadhaa kwa shauri la mganga. Basi mwalimu aonaye baka katika kichwa cha mtoto asihukumu kwa macho, bali ampeleke zahanati. Nasi wa Moshi hatuna udhuru, kwa kuwa hapa KCMC ndipo kilipo kile chuo cha magonjwa ya ngozi ambacho tangu mwaka 1992 kimewafundisha waganga kutoka nchi nyingi za Afrika.

Sababu ya tatu twaitengeneza wenyewe. Ni kusuka nywele kwa kuzivuta mno, na kuongeza rasta nzito juu yake, tangu utoto. Nywele za kipaji na za kando ya masikio hukatika, zikarudi nyuma mwaka hata mwaka. Mama akiacha mapema, zitaota tena; akiendelea muda mrefu, mizizi hufa na kuacha kovu. Ukimwona mtoto wako hawezi kulala kwa maumivu ya kusukwa, fumua usiku huo huo.

Sasa juu ya wigi yenyewe. Wazee kati yetu hawajasahau Operesheni Vijana. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza ya kuwa tangu tarehe 1 Januari 1969 hazitavumiliwa nguo fupi mno, suruali za kubana, dawa za kuchubua ngozi, wala mawigi. Walihofu ya kuwa Mwafrika atajidharau na kuiga sura ya mgeni. Shauri hilo lilikuwa na maana yake, nasi bado twaweza kuzungumza juu yake. Walakini swali la mtu mzima aonaye haya kwa sura aliyozaliwa nayo ni moja, na swali la mgonjwa aliyepotewa na nywele ni jingine kabisa. Mtu aliyekatika mguu akitembea kwa mguu wa mti, hatumwiti mwenye majivuno.

Tena tusiwe watumwa wa upande mwingine, tukidhani mwanamke asiye na nywele hana uzuri. Tazameni jirani zetu Wamasai wa tambarare. Wanawake wao hunyoa vichwa, wakajipamba kwa shanga, na kwao hiyo ndiyo sura ya mwanamke mzuri. Na watoto wetu wa kike, je, hawanyolewi kwa ajili ya shule? Wanaruka kamba na kukimbia pasipo kujali kitu. Kwa hiyo yuko atakayependa wigi, yuko atakayependa kilemba, na yuko atakayekwenda kichwa wazi. Uchaguzi ni wa mwenye kichwa. Kazi yetu sisi wengine ni kumwachia nafasi uwanjani.

Atakayechagua wigi kwa ajili ya michezo na ayashike haya.

La kwanza ni kipimo. Pima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani mahali patatu: kuzunguka kichwa chote, kutoka kipaji hata kisogoni, na kutoka sikio hata sikio kwa juu. Wigi kubwa kuliko kichwa haizuiliwi na kitu chochote. Ndogo mno huumiza na kuleta maumivu ya kichwa.

La pili, chagua fupi na nyepesi. Wigi ndefu ni ya harusini na ya kanisani. Uwanjani hushika jasho, hufunika macho, na hunaswa na mikono ya wenzako, kama nilivyoona. Katika mpira wa pete sheria yenyewe yataka nywele zifungwe nyuma. Afadhali mtu awe na mbili, moja ya heshima na moja ya kazi, hata ikiwa ya kazi ni ya bei ndogo.

La tatu ni kuishikiza. Chini yake vaa kofia nyembamba ya pamba, maana pamba hunywa jasho na kuzuia wigi isiteleze. Mwenye nywele kidogo aweza kutumia vibanio, lakini asivutie mahali palipo dhaifu. Mwenye upara kabisa na atumie utepe mpana wa kichwa, unaopita kipajini na kufungwa kisogoni juu ya wigi. Gundi iko, lakini jasho jingi huilegeza, na ngozi iliyodhoofishwa na dawa za saratani huwashwa upesi. Basi asiipake mtu pasipo kumwuliza mganga, na aijaribu kwanza mahali padogo mkononi. Kisha, kabla ya siku ya mchezo, jifungie chumbani au nenda nyuma ya kihamba, uruke, uiname, utikise kichwa mara ishirini. Ikianguka hapo, kuku peke yao watakuwa mashahidi.

Msidhani ya kuwa shauri hili ni la washamba tu. Mwezi wa Juni 2017, huko Oslo katika nchi ya Norway, Blessing Okagbare wa Nigeria, aliyepata nishani ya kuruka mbali katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, aliruka, na alipotua wigi yake ikamtoka mchangani mbele ya ulimwengu mzima. Akaiokota. Na sheria ya mchezo ule ni kali: huruka mtu kwa miguu, lakini hupimwa mpaka alama iliyo karibu zaidi na ubao, ikiwa imefanywa na mwili wake au na kitu chochote alichokivaa wakati wa kutua. Mwenye wigi iliyolegea aweza kupoteza kwa nyuma aliyoyapata kwa mbele.

La nne ni usafi. Baada ya mazoezi vua wigi, acha kichwa kipate hewa, kioshe kwa maji, ukikaushe vizuri. Wigi ioshwe kwa maji baridi na sabuni laini, isikamuliwe kama shuka, bali ikandamizwe ndani ya taulo, kisha ikae juu ya bakuli lililopinduliwa kivulini. Iliyotengenezwa kwa nyuzi za kiwandani haipatani na moto. Mama akiinama juu ya jiko la kuni, au akifunua sufuria ya mtori unaochemka, mvuke ule hukunjamanisha nyuzi zisinyoke tena. Jikoni fungeni kitambaa.

La tano ni maji. Waendao kuogelea katika chemchemi ya Kikuletwa, iitwayo Chemka, wasiingie na wigi. Maji huifanya kuwa nzito nayo itakwenda na mkondo. Kofia ya mpira ya kuogelea yatosha.

La sita ni kwa wale wapendao kilemba au kichwa wazi. Kilemba cha pamba kilichofungwa kwa nyuma hakitoki kwa urahisi, na hata katika kandanda vitambaa vya kichwa vimeruhusiwa tangu mwaka 2014, ilimradi visiwe na ncha ya kudhuru wala visishonewe kwenye fulana. Aendaye kichwa wazi na akumbuke ya kuwa kichwa kisichozoea jua huungua upesi, na kadiri tupandavyo mlima ndivyo jua lizidivyo ukali, hata kama hewa ni baridi. Apake mafuta ya kuzuia jua, avae kofia. Na apandaye hata vibanda vya Mandara, yapata mita 2,700, achukue kofia ya sufu, kwa kuwa baridi ya jioni huko haina huruma kwa kichwa kitupu.

Mgonjwa wa saratani na aulize daktari wake kabla ya kuanza mazoezi yoyote. Zipo siku ambazo damu imepungua au homa imeingia, na siku hizo kazi yake ni kupumzika. Siku nyingine kutembea kwa kiasi humfaa sana, humwondolea uchovu na kumrudishia usingizi. Mume asimfungie mkewe ndani akidhani ndiyo huruma.

Nanyi waalimu, nawaombeni mambo matatu. Msimvue mtoto kofia mbele ya mstari wa shule, mwiteni kando. Msimwondoe katika michezo kwa sababu ya kichwa chake, kwa maana akili na miguu havina mabaka. Na siku ya ajali, ikiwa kitu kimeanguka, pulizeni filimbi, simameni kati yake na watazamaji, mpeni dakika mbili, kisha mchezo uendelee kana kwamba aliyefungua kamba ya kiatu ameifunga.

Iko habari moja ya mbali nipendayo kuwaambia watoto. Joanna Rowsell wa Uingereza alipotewa na nywele akiwa na miaka kumi, kwa ugonjwa ule ule wa binti yetu. Akajifunza mbio za baiskeli. Mwaka 2012, katika Olimpiki ya London, yeye na wenzake wawili walipata nishani ya dhahabu, naye akaipokea kichwa wazi, ingawa alikuwa na wigi zake. Mwaka 2016 huko Rio akashinda dhahabu tena. Hakuna aliyeuliza nywele zake zimekwenda wapi wakati wa kuhesabu nishani.

Lakini habari ya karibu ni nzuri vile vile. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, hufanyika hapa Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ziko kilometa 42, ziko 21, na ziko 5 kwa watu kama sisi. Katika hizo tano naliwaona dada yangu na yule binti wakitembea na kukimbia pamoja. Binti alikuwa na wigi fupi yenye utepe mwekundu, haikutikisika. Dada yangu alikuwa na kilemba, na joto la Februari lilipomzidi akakivua akajipangusia uso, nasi tukaona nywele changa, fupi kama za mtoto wa miezi mitatu. Mtu mmoja kando ya njia akampigia makofi, akaendelea kula muwa wake. Hayo tu.

Wiki iliyofuata binti alirudi kwenye mpira wa pete. Filimbi sasa anashika mwalimu mwingine, nami nahesabu magoli. Wapo waniulizao kwa nini niliiacha. Nawajibu ya kuwa bado najifunza kuipuliza.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya watoto wasiosikia vizuri darasani, na mahali pafaapo kuwakalisha. Mwenye swali na alete kwa mwalimu wa mtaa wake.

Kwaherini.

Mimi mwenzenu,
Mwalimu wa mlimani